Sherehe ya Anga Iliyongoja Magharibi

Siku yangu ya kwanza kazini, shule ya msingi kule Peckham, kwa Waingereza, Mwalimu Mkuu alinipa mkasi na karatasi za rangi. "Mada ni bustani," akasema. "Ukuta ule uujaze." Mie nimetoka Unguja na cheti cha ukarani, nikadhani kanifananisha na mwengine. Wapi! Msaidizi wa mwalimu kazi yake ndiyo hiyo, na sherehe zote za darasa zikaniangukia.

Nyie mnaoianza kazi hii, mada haianzii kwenye mapambo. Kwanza ujue nani hali nini, nani anaogopa kelele, nani hana nguo ya kuvalia. Puto baadaye.

Kisha nikahamishiwa Woolwich, chini ya Mwalimu Mkuu mwengine, mama mkavu, si mtu wa maneno mengi. Miaka ile Ramadhani iliangukia Desemba. Sherehe yetu mada yake anga, tukaipanga saa ya chakula cha mchana. Darasani alikuwamo Salma, binti wa Kipemba wa miaka minane. Mwaka ule ndio kaanza kufunga, na hakutaka kula hata siku moja.

"Wenzake wakila, akae maktaba," Mwalimu Mkuu akaamua. "Ni kumhurumia."

Salma akanifuata, akaninong'oneza kwa Kiingereza, kama watoto wa pale. Nyota kubwa ya ukutani kaikata yeye; iweje atolewe yeye? Moyo uliniuma, sifichi.

Nikamrudia mkubwa wangu. "Mwalimu, jua la Desemba hapa linazama kabla ya saa kumi. Tuanze alasiri: watoto wacheze kwanza, wale mwisho. Wazazi tuwaombe wachelewe kidogo kuja kuwachukua."

"Darasa zima lingoje kwa ajili ya mmoja?"

"Waulize wenyewe."

Akaenda kuwauliza. Walipiga kelele za kukubali hadi akaziba masikio.

Siku ya siku wakacheza, wakaimba, kisha wakajazana dirishani kulichunga jua. Biskuti zipo mezani, hakuna aliyegusa. Giza likaingia. Mwalimu Mkuu, sahani mkononi, akauliza, "Salma, tayari?"

Salma kaishika tende yake. "Bado, Mwalimu. Nimalize dua."

Na darasa zima, na mkuu wao, wakangoja tena.

Sasa nimestaafu. Wajukuu hunipeleka shuleni kwao nikaone mapambo, na kweli yanapendeza kuliko yetu. Nayasifu. Kisha namtafuta mwalimu, namuuliza: leo nani yuko maktaba?