Usiku wa Gundi

Mwanangu, mwaka ulikuwa 1998, kiangazi kimekomaa, vumbi la Buyenzi limepanda hadi kwenye majani ya mipapai, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, tarehe nane, ambapo kigoda cha miguu minne kilikaribia kuninyima mume. Usishangae kwamba naitaja tarehe. Niliingia darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na minne, na mtu aliyechelewa kujifunza kuandika hazitupi ovyo tarehe zake.

Baba yangu, Mzee Sefu, alikuwa seremala wa vitanda, na ua wetu ndio uliokuwa na televisheni mtaani. Miaka ile jiji la Bujumbura lililala mapema kwa amri. Jua likishatua hakuna aliyetembea. Tuliiita kuvrefe, na hata watoto walilijua neno hilo kabla ya kujua kuhesabu. Kwa hiyo watu walikuja alasiri, kila mmoja na kibao chake cha kukalia, wakatazama kilichokuwapo, kisha wakatawanyika kabla ya giza. Siku nyingine milio ya risasi ilisikika kutoka vilimani, nyuma ya Gihosha, na mtu mmoja akainuka kuongeza sauti ya televisheni. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na Mungu anisamehe nikisema kwamba nazikumbuka jioni zile kwa hamu.

Kipindi kilichojaza ua kilikuwa cha Jumamosi, saa kumi. Kijana mmoja, Bilali, aliyekimbia vita Uvira mwaka 1996, alisimama mbele ya kamera na randa na patasi, akafundisha useremala. Alivaa tai. Penseli aliiweka sikioni. Alizungumza na ubao kama mtu anayembembeleza ng'ombe akamwe. Penye wengi pana mengi, na katika ua wetu mengi yote yalimhusu yeye.

"Seremala gani anavaa tai?" alisema Kassimu, kinyozi wetu, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake. "Siku moja randa itaikamata, tutaona fundi anajinyoa kidevu."

"We Kassimu, mi ukininyoa unaniacha na vidonda, na tai huna," alimjibu Mama Spesiyoza. Huyu alikuwa jirani yetu, Mkristo, aliyehama Mutakura na mzigo mmoja kichwani. Alimpenda Bilali waziwazi. "Mwacheni aseme. Kwenye tele yote ni yeye peke yake asiyetuhesabia wafu."

Wengine walisema Kirundi chake kinanuka Uvira. Wengine walidai kwamba wakubwa wa Kiriri walimtumia madereva wao kuagiza makabati, kwa hiyo lazima anaringa. Baba pekee hakusema neno. Alitazama mikono ya Bilali, kamwe si uso wake, na mara mojamoja aliguna. Kwa waliomjua, mguno wa Mzee Sefu ulikuwa cheti.

Sasa nikuambie jambo ambalo ua haukulijua. Bilali alikuwa ameshatuma mshenga nyumbani kwetu.

Tulijuana shuleni. Mimi nilikuwa mwanamke mzima katikati ya watoto, na dawati langu lilikuwa la kitoto. Magoti yangu yaligonga ubao kila nilipoandika, nami niliandika nimejipinda kama mtu anayeokota dagaa mchangani. Bilali aliitwa kutengeneza madawati yaliyovunjika. Alinitazama mara moja, hakucheka, hakuuliza umri wangu. Kesho yake dawati langu lilikuwa limeinuliwa kwa vipande vinne vya mbao, vimeunganishwa kwa ustadi hata mwalimu hakugundua. Wanaume walionisifia uzuri walikuwa wengi. Aliyeona magoti yangu yanaumia alikuwa mmoja.

Mshenga alikuja mara ya kwanza mwezi wa Julai. Baba alimpokea vizuri, akasema jibu atalitoa mara ya pili, kama ilivyo desturi. Mguno wake wa Jumamosi ulinipa matumaini.

Basi ikaja Jumamosi ile ya tarehe nane. Bilali alikuwa anaunda kigoda. Alichonga miguu, akapaka gundi ya moto, akakaza viungo kwa kamba. Kamera ilisogea karibu, na katika mguu wa mbele tukaona jicho la mti, ile alama nyeusi ya mviringo mahali palipoota tawi zamani. Picha ikakatika kidogo. Iliporudi, Bilali alikuwa ameketi juu ya kigoda, anatabasamu, anasema, "Na sasa kimekauka, mtu mzima anakaa bila wasiwasi."

Baba akasimama. Sikuwahi kumwona akisimama kabla kipindi hakijaisha.

"Jicho liko wapi?" akauliza.

Watu wakageuka kumtazama.

"Mguu wa mbele ulikuwa na jicho. Huu hauna. Kigoda hiki si kile." Kisha akasema polepole, kila neno likiwa limepigwa msasa: "Gundi inataka usiku mzima. Mutu anayekausha gundi kwa mdomo ni mwongo."

Mwanangu, laiti ungalisikia ua ulivyolipuka! Kassimu alirusha mikono juu. "Mi nilisema! Mi nilisema tangu zamani! Ile tai ni ya kuficha!" Hata waliompenda walijikumbusha mambo waliyokuwa wameyaona: kabati lililobadilika rangi, meza iliyorefuka. Kufikia swala ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba fundi wa televisheni hununua vyombo dukani na kuvionyesha kama vyake. Lisemwalo lipo, walisema. Methali hiyo hunitia shaka hadi leo, kwani wanaoitumia zaidi ni wale wasiotaka kwenda kutazama.

Baba aliniita sebuleni. Hakupandisha sauti. "Mwajuma, mshenga akija nitamrudishia salamu zake. Aliyedanganya kwa gundi atadanganya kwa mke."

Sikulia mbele yake. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Nilikwenda uani kwa shangazi yangu, Bi Hadija, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa akiishi nasi na kuuza vitumbua kila alfajiri. Nilimkuta anachambua mchele. Nilimweleza. Akaumimina mchele katika beseni la maji na kulifunika. Nilidhani hakunisikia.

Asubuhi alimpelekea baba sahani ya vitumbua na chai, akaketi mbele yake, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida kwa kuwa wateja walikuwa wakimngoja.

"Sefu, hivi ni vitamu?"

"Vitamu, dada."

"Umeniona nikiloweka mchele?"

"Apana."

"Umeniona nikitwanga? Nikiumua?"

Baba akaacha kutafuna. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa.

"Dada, wewe husimami sokoni useme, 'Huu mchele nimeuloweka sasa hivi.' Yeye alisema kimekauka. Neno ni neno."

Shangazi alimwongezea chai. Nampenda hadi leo kwa kuwa hakumtetea Bilali kwa uongo mwingine. "Hapo umesema kweli," alikiri. "Lakini jana watu wote wa ua huu walimhukumu kijana wa watu, na wewe ndiye uliyewapa fimbo. Kuna hata mmoja aliyemwuliza? Umri wako huu, Sefu, unafunga mlango kwa sababu ya picha! Baba yetu hakuwahi kukataa hata ubao kabla ya kuugonga asikie mlio wake."

Baba akarudi kutafuna. Vitumbua vyote alivimaliza.

Mshenga alirudi Jumapili iliyofuata na wazee watatu, na Bilali nyuma yao. Unajua desturi: siku ya posa mwenye kuoa hana mdomo. Huketi ameinamisha kichwa, wakubwa wakimsemea. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na shangazi, na nilimwona yule ambaye jiji zima lilimsikia kila Jumamosi amekaa kimya kama mtoto wa chuoni.

Mshenga alianza kupamba maneno. Baba akainua mkono.

"Mzee mwenzangu, pumzika kidogo. Namtaka mwenye gundi."

Wageni walitazamana. Kumsemesha mposaji ilikuwa kuvunja adabu, na mzee mmoja alianza kuvuta kanzu yake ili ainuke. Bilali ndiye aliyemgusa mkono akae.

"Kile kigoda," baba alisema. "Kilikuwa kile?"

"Apana, mzee. Kile chenye jicho kiko nyumbani. Ulichokiona mwisho nilikigundisha siku moja kabla."

"Umekinunua?"

"Nimekichonga kwa mikono hii." Aliinyoosha. Baba aliitazama kwa makini, kucha na sugu. "Wenye kamera wanakuja mara moja tu, mchana, na wanaondoka mapema sababu ya kuvrefe. Hawawezi kungoja gundi. Kwa hiyo natengeneza viwili: kimoja cha kuonyesha kazi, kingine cha kuonyesha mwisho. Nilisema kimekauka, mzee, na kilikuwa kimekauka."

"Na hukusema kwamba si kile."

 Nyuma ya pazia nilikuwa nimeshika mkono wa shangazi mpaka bangili zake zikaniumiza. Nilijua kwamba jibu moja la ujanja, hata la kuchekesha, lingemfanya baba asimame, na akisimama yamekwisha.

"Sikusema," Bilali alijibu. "Hapo una haki, mzee. Mutu anayenitazama kule Kabezi anaweza kugundisha kitanda chake, akakilalia siku ileile, kikamwangusha. Nipe Jumamosi moja."

Baba aligeukia pazia. Alisema tu, "Leteni chai."

Jumamosi iliyofuata ua ulifurika. Kuna watu walioketi juu ya magogo ya baba na hakuwafukuza. Bilali alitokea na tai yake ileile. Mbele yake palikuwa na vigoda viwili.

"Hiki ni cha leo," alisema, "na hiki ni cha jana. Mimi huwa natengeneza viwili na sikuwahi kuwaambia. Gundi inataka usiku mzima. Asiyekuwa na usiku, asigundishe. Nimekumbushwa na mzee mmoja wa Buyenzi, fundi kuliko mimi."

Utadhani mambo yaliishia hapo, ua ukapiga makofi. Thubutu! Kassimu aliruka. "Mumesikia? Amekiri mwenyewe! Mwongo!" Kabla hajaketi akawa na hoja nyingine: "Na huyo mzee wa Buyenzi ni mimi. Nilimwambia tukinyoana." Mama Spesiyoza alicheka hadi akafuta machozi kwa kitenge. Nusu ya ua ilisema kijana ni mkweli, nusu ikasema ameumbuka, na walibishana mpaka jua likawafukuza. Hakuna aliyebadilisha alichokuja nacho.

Baba hakuwasikiliza. Alizima televisheni, akamgeukia shangazi. "Mwambie mshenga aje."

Mwanangu, hili ndilo ninalotaka ulishike. Siku hizi nawaona mkiwatazama watu katika vioo vya simu, mkiwapima na kuwahukumu kabla chai haijapoa. Macho yenu si mabaya. Jicho la baba lilikuwa kali, na kosa alilolikamata lilikuwa kosa kweli. Usimwache mtu akakuambia kwamba kuona dosari ni chuki. Lakini uonapo dosari, mfuate mwenyewe ukamwulize, hata ikibidi uvunje desturi, kwa maana kuuliza si ujinga. Naye akikupa ukweli unaomgharimu, uupokee, usiudai tena kila Jumamosi. Na ukiwa wewe ndiye uliyekaa mbele ya macho ya watu, onyesha vigoda vyote viwili. Usingoje ua ukubaliane. Ua haukubaliani.

Kwa mahari sikuomba dhahabu. Niliomba meza ya kuandikia, ya kimo changu. Ndiyo hii ninayoiandikia sasa. Aliyeiunda, Mungu alimchukua tarehe 3 Machi 2016, lakini viungo vya meza havijalegea. Bilali aliichonga katika karakana ya baba, baba mwenyewe akiwa kwenye benchi la pili na vitanda vyake, wote wawili kimya kama watu wanaosali.

Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1998, mwezi wa Shaaban, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri, tulishika bendera ya taifa kuapa ndoa ya serikali mbele ya msimamizi wa komini, kisha tukarudi nyumbani kwa nikaha. Shehe alimwuliza baba kama mahari yamefika. Baba aliinuka, akaiendea meza iliyofunikwa kanga pembeni, akaifunua. Katika mguu wa mbele, mahali ambapo fundi yeyote angegeuza ubao ili alifiche, palikuwa na jicho la mti. Baba aliweka kidole gumba juu yake, akakikandamiza.

"Ni yenyewe," akasema. "Imefika."

Kisha akaviunganisha viganja vyetu, akatuombea dua ambayo leo naipitisha kwako, wewe na yule utakayemchagua: Mungu awagundishe, na awape usiku wa kukauka.