Hata Akitumwa

Kutoka Songea hadi Nachingwea nilisafiri siku mbili, maana basi lilivunjika springi mbele ya Tunduru tukalala barabarani. Kopo la rangi nyekundu likanimwagikia ndani ya begi. Nilishuka stendi na shati jekundu na wazo moja: nichore vibao vichache, kisha niendelee. Miguu yangu haijawahi kutulia.

Kazi ilikuwepo. Wakaguzi walikuwa wamepita madukani, Nachingwea na Ruangwa, wakitaka kila anayeuza sigara aweke tangazo kwamba haziuzwi kwa walio chini ya miaka kumi na minane. Nikafika mpaka Nandagala, kwenye duka la mama mmoja mjane. Akataka nichore kwenye ubao wa dirisha, palipo laini. Nikachora, akasifu. Asubuhi akafungua duka, ubao ukageukia ukutani, maneno yakapotea. Tangazo letu lilisomeka duka likiwa limefungwa tu!

Mkaguzi akalikuta hivyo. Akasema akirudi akute hali ileile, leseni basi.

Nikaanza upya ukutani, nikiikasirikia rangi isiyotaka kukauka. Nilikuwa juu ya ndoo alipokuja mjukuu wa baba mkwe wa yule mama, binti wa darasa la tatu.

"Babu anasema sigara mbili."

Mama akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Mwambie babu aje mwenyewe."

Mumewe alipofariki, mzee huyo ndiye aliyempa kiwanja cha duka, kwa mdomo tu. Kwa mdomo uleule angeweza kunyang'anywa.

Mzee akaja akigonga fimbo chini. "Mkwe, mtoto havuti. Navuta mimi! Tangu lini mtu mzima hatumi mtoto?"

"Shikamoo, baba. Ni sheria, baba."

"Sheria ndiyo iliyokupa kiwanja?"

Mama akaunyooshea ukuta kidole. Akanigeukia: "Fundi, ongeza hapo chini: 'hata akitumwa'."

Nikaongeza. Mzee akaondoka bila sigara.

Nilipaswa kuondoka jioni ile. Nikabaki, nikilala stoo, kila mara nikichungulia barabara kana kwamba kiwanja ni changu. Mzee haonekani. Mkaguzi akaja, akasoma, akaucheka mstari wa mwisho, akaenda zake. Mzee bado haonekani. Mama akaanza kukosea chenji za wateja.

Asubuhi moja nikashindwa kungoja zaidi. Nilikuwa nafunga begi kwenye bodaboda nilipoisikia ile fimbo. Mzee akasimama mbele ya ukuta, akausoma polepole kwa kidole mpaka mwisho.

"Mkwe! Mimi nimetimiza umri, au nikalete mashahidi?"

Mama alicheka mpaka akashika meza. Akatoka, akapiga goti, akampa sigara kwa mikono miwili.

"Kesho niwekee na chai," mzee akasema akitafuta pa kukaa. "Kutoka kwangu hadi hapa ni mbali, na wewe umekataa miguu ya mjukuu."

Nikapanda bodaboda. Nandagala sijarudi tena.