Meza Kuu Barabarani

Hivi wewe ukinunua motorhome, ile nyumba ya magurudumu, unaangalia nini? Juzi, kule Gaithersburg, viongozi wa chama chetu cha ughaibuni walikuwa wanachagua moja ya kutupeleka misibani na harusini. Mama mmoja mwenye nyonga mbovu, binti yake anaolewa Texas, alifuatana nao aone atalala wapi humo ndani njiani.

Brand ya kwanza ina kitanda chini. Mwenyekiti aka-reject: “Meza kuu itakaa wapi?”

Ya pili ina meza pana, kitanda kiko juu ya dereva.

“Mwanangu, nipande huko kama kuku?” mama akamuuliza mwenyekiti.

“Uta-manage, mama. Hii ndiyo ina class!”

Wakapiga makofi. Na hawa ndio wenye kazi, sisi wengine bado tuna-apply kazi tu!

Viongozi, chukueni ile yenye kitanda cha chini. Mgeni rasmi apakate sahani yake.