Mbwa Aliyependa Makorongo

Wiki iliyopita nilimpeleka paka wangu kuchanjwa kwenye ofisi ya mifugo, Buzuruga. Mbele yangu alisimama mama mmoja anayeanika dagaa ufukweni, ameshika kamba aliyomfunga mbwa wake.

"Daktari, mchome sindano afe. Nimempiga, nimemfunga, hasikii. Nikimwachia tu, anakimbiza ndege mpaka majini."

"Ndege gani, mama?" daktari aliuliza.

"Makorongo."

"Na dagaa wako wanaliwa na nani?"

Mama alijishika kiuno. "Makorongo hao hao," alisema taratibu.

"Basi mfungulie ukianza kuanika. Akiwafukuza, msifu, mpe kipande cha samaki. Akikanyaga dagaa, mwite pembeni, asipate kitu. Atajifunza haraka, kwa sababu kazi yenyewe anaipenda."

Mama alimgeukia mbwa. "Kumbe siku zote nimekuwa nikimpiga mfanyakazi," alisema, akaondoka naye, sindano imesahaulika.

Njiani niliwakumbuka walimu wangu, walionichapa kila nilipopiga ngoma kwenye dawati. Walikuwa wengi, na wote walilalamika kwamba kwaya ya shule haina mpiga ngoma.