Ziara ya Kuitafuta Sebule

Kiswahili changu nilikitoa kwenye televisheni ya jirani. Shule niliiachia kidato cha pili, karo iliposhindikana, na tangu hapo nikawa mwalimu wangu mwenyewe, mkali kuliko wote walionifundisha. Nilirudia neno moja kimoyomoyo mpaka likae sawa mdomoni. Nikilikosea mbele ya watu, siku hiyo chakula hakikupita. Sijui kama watu wengine huishi hivyo. Mimi nimeishi hivyo tangu nijijue.

Aliyenifundisha zaidi ni mama mmoja wa kwenye mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa kila Alhamisi jioni. Humo alikuwa mjane wa Mombasa, na maneno yake mengi aliyasema ameketi sebuleni, kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha. Tulimtazama kwa jirani yetu wa Gitothua, mtaa wetu wa Ruiru, mama Mwislamu aliyeuza mitumba Thika. Stima haikuwa imefika kwenye ploti yetu, kwa hiyo televisheni yake iliendeshwa na betri ya gari. Sisi watazamaji tuliacha viatu mlangoni na kupeana zamu ya kuibeba ile betri hadi kwenye mashine ya kusaga unga ikachajiwe. Zamu yangu sikuikosa hata mara moja.

Televisheni yenyewe ilikuwa ya bleki-an-waiti, basi rangi nilizitia mwenyewe. Kuta za ile sebule nilizipaka kijani hafifu. Kiti nikakipa kahawia. Leso ya mjane, ile aliyoivaa takriban kila wiki, nikaifanya nyekundu.

Kipindi kikiisha nilirudi nyumbani kumsimulia mama yangu. Yeye alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya meneja wa shamba moja la kahawa, nje kidogo ya Ruiru. Alifua, akapiga pasi, akapiga deki. Jioni alikuwa amechoka, na kwenda kwa watu kutazama televisheni aliona ni kujisumbua. Hivyo yeye alisonga ugali, nami nilikaa kwenye kigoda nikiigiza sauti ya mjane.

"Halafu?" angeuliza. "Akajibiwa nini?"

Wakati mwingine nilimkatiza nikamrekebisha. "Mama, usiseme hivyo. Sema kama yule mama wa Mombasa."

"Haiya, niache na ulimi yangu," angesema akicheka. "Huyo mama wako akuje anisaidie kusonga."

Mwaka uliofuata, mwenye duka la kukodisha kanda za video mjini Thika akatangaza ziara. Basi lingetupeleka Mombasa, na huko kiongozi angetuzungusha mahali mchezo ulikopigiwa picha. Nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Nilitaka kitu kimoja tu: kusimama katika ile sebule na kusema sentensi moja humo ndani, nisikie kama Kiswahili changu kinapafaa au ni cha kuazima. Nilikuwa na ndoto ya kuandika michezo ya kuigiza, na kila mchezo niliouanza kichwani ulitokea mle sebuleni. Kama nisingeweza kusema vizuri hapo, ningejua nimejidanganya.

Mama alinipikia chapati, akazifunga kwa kitambaa.

"Ukifika uangalie vizuri," alisema. "Uje uniambie."

Basi lililokodiwa lilikuwa lile ambalo kwa kawaida husafirisha watu wa matanga, na chini ya viti mlikuwa bado na petali kavu za maua. Karibu yangu aliketi mama muuza nyanya wa Githurai ambaye hakunyamaza kutoka Thika hadi Mombasa. Asubuhi iliyofuata kiongozi alipanda basini, mtu mzima wa huko huko pwani, mwenye kofia na kipaza sauti kilichopiga miluzi.

"Wageni wangu wa bara, karibuni! Leo mtamwona mjane mpaka mumchoke!"

Alitupeleka sokoni, penye ngazi ambapo mjane aligombana na shemeji yake. Tukaenda kwenye kisima. Tukaenda ufukweni, alikolia. Kila mahali nilitangulia kushuka. Muuza nyanya alinisukuma mbele ya kiongozi.

"Mwongeleshe huyu kijana wetu! Huyu anaongea Kimombasa kuliko nyinyi!"

Nilisema sentensi mbili. Kiongozi aliinamisha kichwa akinisikiliza.

"Mashallah. Mwanangu, wewe umezaliwa mtaa gani hapa?"

Basi lote likapiga makofi. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha kama ile, na sikumbuki ilidumu muda gani, kwa sababu kituo kilichofuata kilikuwa nyumba ya mjane.

Tulifika kwa miguu, kwenye kichochoro. Mlango niliutambua papo hapo: ule mti mzito uliochongwa, ile misumari ya shaba. Watu walisimama mbele yake wakapigwa picha. Mimi nilingoja ufunguliwe.

"Tunaingia saa ngapi?" niliuliza.

"Tuingie wapi, mwanangu? Mle ni ghala la vitunguu."

Nikazunguka kutafuta dirisha. Ukuta wa nyumba ya pili ulikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuugusa nikiwa nimeegemea huu. Nikamwambia kiongozi kwamba dirisha la sebule lilikuwa na mti nje, mrefu, wenye majani yaliyochanika-chanika na weupe upande wa chini, yakipigwa na upepo yanameta.

"Mti huo mimi siujui," alisema. "Ah! Wewe wataka kule ndani? Kule ndani hawakupigia huku. Huku walikuja siku chache tu, mlango na ngazi na bahari, basi. Ndani walipigia huko kwenu mnakolima kahawa. Ruiru. Nyumba ya meneja mmoja wa shamba, ndivyo tulivyoambiwa."

Muuza nyanya alicheka mpaka akashika ukuta.

"Woi! Si ungepanda baiskeli tu, kijana! Umekuja mpaka Mombasa kutafuta nyumba ya jirani!"

Mti ulikuwa mkima. Ukisimama mlangoni kwetu unaiona mikima imepangwa safu kando ya mashamba ya kahawa. Nilikuwa nimeutazama kila Alhamisi bila kuuona, kwa sababu nani hutazama kitu cha nyumbani kwao?

Njia nzima ya kurudi nilimtetea mama. Labda siku hizo alikuwa mgonjwa. Labda wafanyakazi walipewa likizo. Labda ni meneja mwingine. Mashamba ya kahawa ni mengi. Nilizipanga sababu zangu vizuri, kama ninavyopanga kila kitu.

Nilimkuta akichambua mchele. Sikumsalimu.

"Ulijua?"

Hakuuliza alijua nini. Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Mama wa kwa meneja alisema nikiambia mtu, watu watajaa kwa geti na mimi nitaenda nyumbani. Halafu ukaanza kupenda hiyo kitu. Ningekuambia saa ngapi?"

"Kabla sijapanda basi."

"Ulikuwa umefurahi, mwana wakwa."

Ndipo akaniambia na la leso. Leso yake ya kijani, ambayo aliniambia imeibiwa kwenye kamba, nami nikamnunia mtoto wa jirani mwezi mzima, hakuna aliyeiiba. Ya mwigizaji ilikuwa mpya na ngumu, ikakataa kukaa mwilini, mama akaombwa yake. Waliondoka nayo.

"Walisema watarudisha," alisema.

Nilimuuliza kwa nini basi alikuwa akiniuliza "halafu?" kila wiki, wakati yote yalisemwa mbele yake akiwa ameshika sinia ya chai.

"Mimi sikujua hiyo hadithi! Walikuwa wanaanzia katikati, wanarudi nyuma, wanalia kabla hawajapigana. Ni wewe ulikuwa unanipangia." Akaokota punje ya mchele sakafuni. "Jumamosi wenyewe hawako. Nikuingize kwa mlango wa jikoni uone hiyo sebule?"

"Sitaki."

Namwamini. Nimejaribu kulifanya hilo litoshe, na halitoshi. Alinifungia chapati nikatafute mbali chumba ambacho yeye alikipiga deki kila asubuhi, akaniambia niangalie vizuri.

Alhamisi iliyofuata nilienda kwa jirani. Mjane aliingia, akaketi, akaivuta ile leso magotini, na haikuwa nyekundu tena. Niliporudi, mama alikuwa anasonga ugali na kigoda kilikuwa mahali pake.

"Leo kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu," nilisema, nikaenda kulala.

Mchezo uliendelea kwa miezi mingine michache, kisha ukaisha. Nimeutazama wote hadi mwisho. Mama bado huniuliza mjane alienda wapi. Sijamwambia.