Springi Inabanwa na Watu Wawili

Springi ya mbele ya gari ukiikuta imelala juu ya gunia sokoni, utaidhania kitu cha watoto kuchezea. Ndani ya gari ni habari nyingine. Kabla ya kuipachika lazima uibane mpaka iwe fupi, uitie shokabsoba katikati, uifunike na kikombe chake cha juu, ukaze nati, ndipo uanze kuiachilia polepole. Muda wote huo umeshika kitu kinachoweza kukuua bila kuwa na chuki na wewe. Nimewaeleza hivyo wateja wengi. Wengi wao huangalia saa.

Chombo cha kuibania ni vyuma viwili virefu vyenye hesi, zile nyuzi za kuzungushia nati, kila kimoja na ndoano zake za kushika pete za springi. Kimoja unakiweka upande huu na kingine upande wa pili, vielekeane sawasawa. Halafu unazungusha nati kwa spana, mzunguko mmoja huku, mzunguko mmoja kule. Ukizidisha upande mmoja, springi inapinda kama ndizi na ndoano inateleza. Wako mafundi wanaofunga springi kwa waya na kuomba Mungu. Mimi sibishani nao tena, nawapisha tu.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi hii hapa Kathonzweni na mwenzangu, mtu wa Tseikuru, aliyekuja kutafuta kazi na mfuko mmoja wa spana akabaki. Tulikuwa rika moja. Hatukuitana majina, yeye aliniita fundi na mimi nikamwita fundi, na watu wakituita fundi tuligeuka wote wawili. Springi tulikuwa na namna yetu ya kuibana. Mmoja alichuchumaa upande huu, mwingine upande ule, na tulihesabu kwa sauti. Witiri zilikuwa zangu, shufwa zake. Moja, nikazungusha. Mbili, akazungusha. Tatu. Nne. Hatukuhitaji kutazamana. Ukisikia namba ya mwenzako ulijua mkono wake umefanya kazi. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani niliyewahi kumwamini hivyo, na namweka mke wangu katika hesabu hiyo.

Siku ya mambo ilikuwa asubuhi ya soko. Tulikuwa na springi ya gari la mwalimu mmoja, tumefika sita, mara nikasikia sauti nyuma yangu ikiniamkia. Alikuwa mama mkwe.

Asiyekuwa Mkamba anaweza kucheka hapa. Mama mkwe hasalimiwi ukiwa umechuchumaa na kumpa mgongo. Siku hizi tumeokoka na tunashikana mikono, lakini heshima ile haikuokoka pamoja nasi, imebaki vilevile. Nilisimama. Nilivua kofia. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi, basi nikampa kifundo cha mkono, kama mafundi wote wafanyavyo, naye akakishika kwa mikono miwili na hakukiachia. Aliuliza kuhusu watoto. Aliuliza kuhusu mbaazi, kama zimetoa maua.

Ningeweza kusema, "Fundi, simama kidogo." Maneno matatu. Lakini niliona aibu kumkatiza mama mkwe kwa kumsemesha mtu mwingine, na sikutaka aone amenitoa kazini. Nikasema, "Saba," kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ni sehemu ya mazungumzo. Chini kule mwenzangu akajibu, "Nane," nikasikia spana yake. Mama akasema mbaazi zake zimeliwa na wadudu. Nikasema pole. Nikasema, "Tisa." Nilijiambia nitaifidia mizunguko yangu miwili akishaondoka.

"Kumi," akasema mwenzangu. Halafu ulisikika mlio ambao sitauelezea.

Jicho la kushoto la mwenzangu halikuokolewa. Hospitalini walifanya walivyoweza. Watu walipouliza, nilisema ndoano zilikuwa zimelika, na kweli hazikuwa mpya. Yeye alilala na bandeji na hakusema lolote. Mama mkwe alisema ni yeye aliyetuletea kisirani, na tangu siku ile hakupita tena mbele ya karakana yetu. Alikuwa akizunguka nyuma ya posho mill, kule wanakosaga unga, mama mzima na magoti yake, kwa sababu yangu, nami nilimwona akizunguka na nikaendelea kufungua nati.

Baada ya miezi miwili mwenzangu alifunga mfuko wake wa spana. Alisema anarudi nyumbani kuangalia mifugo. Nilimsindikiza mpaka barabarani, tukaongea habari za mvua.

Tangu hapo nabana springi peke yangu. Niliajiri mtu, nikamfukuza. Niliajiri mwingine, akajifukuza mwenyewe, akasema nina kichaa. Nafanya hivi: nasema moja, nazungusha, nainuka, nazunguka gari... hapana, siku hizi naifunga springi kwenye vaisi, jiliwa la mezani, basi nazunguka meza, nachuchumaa, nasema mbili, nazungusha. Kazi ya nusu saa inachukua asubuhi nzima. Vijana wa karakana ya ng'ambo wamenipa jina, wananiita Sensa, mtu wa kuhesabu. Wanacheka na mimi nawatukana kwa uchungu kuliko wanavyostahili. Hawajui kwamba namba shufwa huzisema kwa sauti nyingine, nzito kidogo. Nilijishtukia siku moja nikifanya hivyo na nikakaa chini. Nilikuwa na upweke ambao hata sikujua kuuita upweke. Nilidhani ni uchovu.

Simu yake nilikuwa nayo. Krismasi tulitumiana ujumbe, heri na baraka, maneno ya kunakili. Kumwambia ukweli nilishindwa, na sababu yangu nilikuwa nayo tayari: ningewezaje kumtaja mama mkwe katika jambo kama lile? Ni heshima. Nililitumia neno hilo miaka sita.

Mwaka jana mama mkwe aliugua, akafariki. Tulimzika nyumbani kwake, kanisa likaimba, na nikiwa nimeshika sepetu nikaelewa kwamba kisingizio changu nacho kinafukiwa pale. Alikuwa amekufa akiamini mguu wake ndio uliomtoa mtu jicho. Nililia, na watu wakasema mkwe huyu alimpenda sana mama.

Wiki iliyofuata nilitia vile vyuma vya kubania springi kwenye mfuko nikaenda Tseikuru. Sikuwa na kazi ya springi kule. Nilivibeba tu, kwa sababu sikujua ningebisha hodi kwake nikiwa mikono mitupu. Nilibadilisha gari mara nne.

Nilimkuta anatengeneza ua wa miiba kwenye zizi la mbuzi. Alikuwa ameota mvi. Alinitazama kwa kugeuza kichwa chote, kama kuku, na nikaona kwamba hiyo sasa ndiyo namna yake ya kutazama.

"Fundi," akasema.

"Fundi," nikasema. "Mama alienda."

"Nilisikia. Pole sana. Umebeba nini?"

Nilimwonyesha. Alivitazama vile vyuma kwa muda, halafu akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na stesheni wagoni yake, imesimama juu ya mawe, bila magurudumu ya mbele. Springi mpya zilikuwa ndani ya gunia, zimeshapata vumbi.

"Ziko hapo tangu mwaka jana," akasema. "Na jicho moja siwezi kujua pande zote ziko sawa. Hapa wenye nguvu wako wengi tu. Lakini hawawezi kungoja zamu."

Basi tukaanza. Tulizifunga ndoano zielekeane, tukapitisha mnyororo kwenye pete za springi kwa usalama, tukakaa pembeni, hakuna aliyeweka uso mbele ya ncha ya springi. Alichuchumaa upande wake wa siku zote. Moja, nikasema, na nikazungusha. Mbili, akasema. Tatu. Nne. Tano. Sita.

"Saba," nikasema, na nikazungusha.

Nane haikuja.

Alikuwa ameweka spana chini. Aliinuka akiyashika magoti yake, akazunguka mpaka upande wangu, akainama, akapitisha kidole juu ya hesi ya chuma changu, taratibu, akizihesabu nyuzi zilizotokeza juu ya nati.

"Umezungusha," akasema.

Hapo nikajua kwamba anajua. Nikamwambia yote hata hivyo, nikiwa nimechuchumaa palepale na spana mkononi: saba na tisa, mama, mbaazi, kifundo cha mkono, na ndoano nilizozisingizia.

"Siku ile ulipokimbia kuita gari," akasema, "nilikuwa nimelala chini na kitambaa usoni. Chuma chako kilianguka karibu na mkono wangu. Nikapapasa hesi. Zilikuwa nyuzi za mizunguko mitatu. Saba hakuna, tisa hakuna."

"Na hukusema kitu?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Hospitalini nilingoja. Miezi miwili nimengoja. Mpaka barabarani pale, wewe unaniambia habari ya mvua." Alipangusa kidole kwenye suruali. "Fundi, jicho halikunitoa Kathonzweni. Na jicho moja ningefanya kazi. Lakini kukaa na mtu unamsikia kila siku akinyamaza, hiyo sikuweza."

Nikasema nisamehe. Akasema ameshasamehe zamani, kanisani, mbele ya watu, bila kutaja jina. Alisema bila hasira, na nilimwamini, na nilifurahi.

Alirudi upande wake akachuchumaa. "Nane," akasema, na spana yake ikalia.

"Tisa," nikasema, na nikazungusha.

Akaweka spana chini, akainuka, akazunguka mpaka kwangu, akapapasa hesi kwa kidole, akarudi mahali pake, akachuchumaa. "Kumi," akasema.

Ilichukua alasiri yote. Katika kila witiri yangu aliinuka na magoti yake yale, akaja, akapapasa, akarudi. Sikumwambia aache.