Jumapili Tatu za Lorna Sugden

Mimi Pauline ndiye ninayepika chai kanisani kwetu Thornclough, na meza yangu ya chai iko nyuma kabisa, ubavuni mwa meza ya kitabu. Kwa hiyo msiniulize nimejuaje. Nilikuwepo, na mengine niliyafanya kwa mkono wangu, Mungu anisamehe.

Kitabu chenyewe ni cha mahudhurio. Hapa kwetu mtu akitaka mtoto wake aingie Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Everilda, ambayo ni ya kanisa lakini ni ya serikali vilevile na hailipiwi ada, lazima kasisi atie sahihi fomu kwamba mtoto amekuja ibadani Jumapili mbili kila mwezi kwa miaka miwili. Jumla arobaini na nane. Ndiyo maana utawaona watu wazima wasiojua hata Zaburi zimekaa upande gani wa Biblia, wamejipanga viti vya mbele na kitoto cha miaka tisa, wanaimba mpaka mishipa inawatoka. Fomu ikishatiwa sahihi, hao! Huwaoni tena mpaka zamu ya mtoto wa pili.

Mwenye kitabu ni Lorna Sugden. Leo ni mzee wa kanisa, lakini kabla ya hapo aliendesha basi la wanafunzi miaka ishirini na mbili. Mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, na sauti yake ni ile iliyozoea kushindana na injini. Ukifika kanisani wakati watu wanaimba wimbo wa mwisho, usijisumbue kwenda kwenye kitabu chake. Atakuangalia tu, nawe mwenyewe utarudi kwenye chai yangu bila kuambiwa.

Kila Oktoba shule hufungua milango jioni moja wazazi waje waikague, na Lorna hualikwa kusimama pale kwenye korido kwa niaba ya kanisa. Eti awakaribishe wageni. Mwaka ule nilikwenda naye kubeba keki. Baba mmoja mwenye koti zuri akamjia na kile kijitabu cha shule chenye picha zinazong'aa.

"Samahani, mama. Matokeo ya hesabu yakoje hapa?"

"Yameandikwa humo mkononi mwako, kipenzi. Mimi niulize yasiyoandikwa."

"Kama yapi?"

"Panda ukaone vyoo vya ghorofa ya pili. Vya chini usiende, vimesafishwa kwa ajili yako. Halafu tazama kutani: wamebandika kazi za wenye akili peke yao, au na za yule ambaye mwandiko wake kama kuku kaparura? Halafu mshike mtoto yeyote, si huyo waliyekupa akutembeze, umuulize: hapa mtu akifiwa, inakuwaje?"

Yule baba, maskini, akamgeukia kijana mmoja aliyekuwa anapita na viti begani, akamuuliza kweli. Kijana akatua viti, akafikiri.

"Babu yangu alipofariki waliwasha mshumaa asubuhi wakamtaja jina. Halafu nikapewa kadi. Ukiinyanyua darasani unatoka tu, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi."

"Na wasiosali?"

"Wanakaa kimya. Mimi mwenyewe sisali. Sema jina la babu nililisikia."

Baba wa watu akafunga kijitabu chake. Lorna akamgonga kifuani kwa kidole. "Sasa lililo kubwa. Nimebeba watoto wa shule zote mbili za mji huu. Wa Everilda wakishuka kwenye basi wanasema, 'Asante, dereva.' Wote, mpaka watukutu. Wa Brackenlow kule bondeni wanamiminika tu kama mfereji umezibuka, mtu hata hakutazami. Hicho ndicho kipimo changu. Kula keki."

Mimi nilicheka, lakini nilijua kwamba jioni ile Lorna alikuwa na lake rohoni. Mjukuu wake Libby naye alikuwa anaomba nafasi Everilda. Na Libby alikuwa na Jumapili arobaini na tano.

Hebu niwaambie zile tatu zilikwenda wapi. Baba yake Libby, Gareth, mtoto wa Lorna, anapakia mizigo kiwanda cha biskuti na Jumapili ndiyo siku yake ya zamu, kwa hiyo mtoto alikuwa anakuja kanisani na bibi yake. Februari moja Lorna akapasuliwa goti. Libby, miaka tisa, akawa anakwenda kwake kila Jumapili asubuhi, anamchemshia mayai, anamsomea nyimbo za kanisa kitandani, hata zile ndefu ambazo sisi wenyewe tunarukaga beti. Kanisani hakufika. Jumapili tatu: mbili za Februari na moja ya Machi, na kanuni hairuhusu kuzilipa mwezi mwingine.

Nikamwambia, "Lorna, mweleze kasisi. Goti ni goti."

"Fomu haina mahali pa goti, Pauline. Na mwaka juzi nilimkatalia mama wa wale mapacha, naye alikuwa amelazwa. Alilia hapa, kwenye meza hii. Leo nimfungulie wangu?"

"Wale hawakuwa wajukuu zako!"

"Ndiyo hapo sasa."

Gareth alikuja Jumapili iliyofuata, ametoka zamu, bado ana vumbi la unga kwenye viatu. Hakukaa. "Mama, kalamu unayo wewe. Mistari mitatu tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Na wewe utamwambia nani?"

"Nisimwambie mtu, nitajua bado."

Akatoka amevimba. Nami nikavimba pamoja naye, si kidogo. Mwanamke huyu ana kichwa kigumu, nikasema, nitamsaidia akitaka asitake. Jumanne nikaja kuosha vikombe, kanisa tupu, kabati la kitabu halikufungwa. Nikakaa. Nikatafuta Februari ile na Machi yake. Nikaiga mwandiko wa Lorna, ile L yake yenye mkia, bila hata kukumbuka kwamba Jumapili zile yeye alikuwa kitandani na kitabu aliandika kasisi, nikaandika: Libby Sugden, Libby Sugden, Libby Sugden. Nikafunga, nikaondoka natembea haraka kama mtu aliyesahau chungu motoni.

Ijumaa akanipigia simu. "Njoo kanisani." Basi, hakuna salamu wala nini.

Nilimkuta amekifungua kitabu. Amevaa miwani, ana rula mkononi.

"Tarehe kumi na mbili Februari," akasema, "nilikuwa kitandani na Libby alikuwa ananisomea. Alikosea neno tukacheka mpaka mishono ikaniuma. Sasa nasoma hapa kwamba siku hiyo alikuwa kanisani. Nani kaandika?"

Uongo ulinijia mdomoni, nikaumeza. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nampenda huyo mtoto! Na wewe unakaa hapo na rula yako kama askari wa forodha!"

Nilidhani atanipigia kelele. Hakupiga. Akavua miwani, na nikaona macho yake mekundu, kumbe alikuwa ameshalia kabla sijafika.

"Pauline, nafasi Everilda ni mia moja na themanini. Nikimpitisha Libby mlango wa uani, kuna mtoto wa mtu anabaki nje na mvua yote aliyonyeshewa akija hapa miaka miwili. Nimemhesabu mwenyewe kila Jumapili. Nitamtazamaje?"

Akaweka rula. Akakata mistari mitatu, mmoja mmoja, akatia sahihi pembeni. Kila mkato ulinyooka. Nilimwona mkatili kuliko watu wote niliowahi kuwapikia chai. Nilimwambia hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Tarehe mosi Machi majibu yakatoka. Libby: Brackenlow.

Gareth alikuja mpaka mlangoni kwa mama yake, mimi nikiwa ndani, akasema, "Umemuuza mwanangu kwa kitabu," akageuka. Hakumsemesha mama yake mpaka baada ya Pasaka. Libby yeye aliingia, akakaa juu ya mkono wa kiti cha bibi yake.

"Bibi, Brackenlow huwa wanamshukuru dereva?"

Lorna angeweza kusema lolote. "Hapana, kipenzi. Hawamshukuru."

"Haya," mtoto akasema, akaomba biskuti.

Septemba ikafika. Lorna akaanza kwenda kila siku kituo cha Barabara ya Kinu, basi la Brackenlow linaposhushia watoto, saa kumi kasorobo, na goti lake lile. Mimi nikawa naambatana naye, nani angemwacha peke yake? Siku ya kwanza mlango wa basi ukafunguka, wakamwagika, mabegi, viwiko, matusi. Libby wa mwisho, kadogo, koti limemmeza. Akageuka kwenye ngazi.

"Asante, dereva!"

Wenzake walicheka wakashika matumbo. Msichana mmoja mrefu akabana pua yake akimwigiza, "Asantee, derevaaa!" na wengine wakadaka, njia nzima mpaka kona, asantee, asantee. Nilitaka kwenda kumzaba mtu kibao. Lorna akanishika sweta.

"Mwache."

"Wanamdhihaki!"

"Nasikia. Mwache."

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Libby akishuka anasema, na kundi linambania pua. Wiki ya tatu wakaanza kumwahi, wanabana pua wakiwa bado kwenye ngazi kabla hajasema yeye. Wiki ya sita yule mrefu alikuwa amechoka, ana mafua, akashuka akasema "Asante, dereva" bila kubana chochote, akaenda zake. Nadhani hata hakujisikia. Mwingine nyuma yake akasema. Mwezi Novemba siwezi kuwaambia ni nani alikuwa anatania na nani alikuwa anashukuru kweli, na wao wenyewe sidhani walijua. Kufika Krismasi, basi zima. Vivulana vyenye sharubu za kwanza, vinanguruma: "Asante, dereva." Dereva mwenyewe alimwangalia Lorna kupitia kioo, akanyanyua mabega kama anayeuliza, umewalisha nini hawa?

Siku hiyo Gareth alikuwa amekuja kumpokea binti yake. Alisikia yote, mpaka ya mwisho. Alimshika mama yake mkono upande wenye goti bovu, wakapanda kilima pamoja, na mimi nyuma nikajifanya natafuta leso.

Oktoba iliyofuata tulikuwa tena korido ya Everilda, mimi na keki zangu. Mama mmoja kijana akamsogelea Lorna, anaminyaminya mkanda wa mkoba. Jumapili za mwanawe hazikutimia, akasema. Atapelekwa Brackenlow. Na alisikia kwamba bibi mwenye miwani ya uzi ana kipimo chake cha shule, na Brackenlow imeanguka. Ni kweli?

Nikamwangalia Lorna. Miaka yote nimemsikia akiisema shule ile.

"Nilikuwa nasema hivyo," Lorna akajibu. "Sasa siwezi kusema. Kesho saa kumi kasorobo nenda Barabara ya Kinu, usimame, usikilize. Asante ya kwanza kusikika pale ilikuwa ya mjukuu wangu." Akavaa miwani, akaivua tena. "Zinazofuata zote ni za shule."